Deni la matunzo Dodoma: kisa cha baba aliyekabiliwa na kifungo, na hatua zilizoleta hela

Kisa hiki kimetungwa. Hakuna familia moja iliyochukuliwa kama ilivyo, ila matatizo yaliyomo ni yale yanayojirudia kwenye mashauri ya matunzo, iwe Dodoma mjini, Chamwino au Kongwa. Tarakimu ni za kisa. Vifungu ni vya kweli, kwa namba za toleo la sheria la mwaka 2019 lililokuwa likitumika wakati huo.

Mama ni mkazi wa Nkuhungu, mama lishe mwenye kibanda eneo la Sabasaba. Akishatoa mkaa, unga, mafuta na kodi ya kibanda, kwa mwezi hubaki na kama Sh300,000. Watoto ni wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Baba ni opereta wa kijiko (mtambo wa kuchimba na kupakia udongo) kwenye kampuni ndogo iliyopewa kipande cha kazi katika barabara ya mzunguko wa nje wa Dodoma, ile ya kilometa 112.3, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Pembeni ana pikipiki mbili za bodaboda zinazoendeshwa na vijana wawili wanaomletea hesabu, yaani hela ya siku waliyokubaliana. Wazazi hawa waliishi pamoja miaka kadhaa bila kufunga ndoa, wakaachana mwaka 2022. Februari 2023 Mahakama ya Watoto iliamuru baba atoe matunzo ya Sh150,000 kila mwezi.

Kufikia Juni 2024 alikuwa na deni kubwa, jalada la polisi lilikuwa limefunguliwa, na mama hakuwa na hata shilingi ya kuonyesha kwa hekaheka zote hizo.

Ile Sh150,000 ilipatikanaje

Kuna watu bado wanaamini matunzo ni kiwango maalumu kilichoandikwa mahali. Zamani ilikuwa hivyo. Sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, Sura ya 278, iliweka Sh100 kwa mwezi, na iliendelea kukaa kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta. Sheria hiyo ya 2009, ambayo leo ni Sura ya 13, haina kiwango. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, mambo yanayopunguza uwezo wa mzazi kujipatia kipato, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto zilizotajwa na sheria yenyewe.

Ndiyo maana hesabu ya nyumbani ina uzito kuliko maneno. Mama huyu alipeleka orodha ya mwezi: sembe Sh30,000, maharage 18,000, mchele 15,000, mafuta ya alizeti 18,000, mboga na viungo 30,000, chakula cha shule 20,000, madaftari na sare (gharama ya mwaka ikigawanywa kwa 12) 12,000, mkaa na gesi 25,000, sehemu ya watoto katika kodi ya vyumba 40,000, maji 10,000, matibabu 15,000, sabuni na nauli 17,000. Jumla Sh250,000. Afisa Ustawi wa Jamii alifika nyumbani, akakuta maelezo yanafanana na hali halisi, na ripoti yake ikaingia kwenye shauri. Orodha ya namna hii inasimama kwa sababu haijavimbishwa. Anayeandika Sh600,000 kwa watoto wawili wanaosoma shule ya msingi ya serikali hujivunjia heshima mbele ya hakimu, na baada ya hapo hata kile cha kweli alichosema kinatiliwa shaka.

Upande wa baba, mshahara ghafi ulikuwa Sh900,000. Toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 90,000. Kodi ya mapato kwenye Sh810,000 zinazobaki ni 80,500. Mkononi anabaki na Sh729,500. Mahakama ilizingatia kwamba ana mtoto mwingine Kibaigwa anayemtunza, ikamtwika asilimia 60 ya ile Sh250,000. Hapo ndipo 150,000 ilipotoka. Hesabu za bodaboda hazikuingia kabisa, kwa sababu hakuna aliyezitaja.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye maneno ya amri. Ilisema "kila mwezi" bila kutaja tarehe. Haikutaja namba ya simu wala akaunti ya kupokelea. Haikusema kama mahitaji ya vitu yanahesabiwa kuwa malipo. Siku ya hukumu hakuna aliyeona tatizo. Mama alikuwa ameshinda, basi. Mwaka mmoja baadaye kila pengo kati ya hayo matatu lilizaa ubishi wake. Anayeomba amri ya matunzo aombe mambo manne yaandikwe ndani yake: kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa kila mwezi, njia ya malipo yenye namba na jina la mpokeaji, na sentensi moja inayosema vitu au zawadi havipunguzi kiasi cha fedha isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi.

Deni lilivyohesabiwa

Baba alilipa vizuri miezi minne, Februari hadi Mei 2023: Sh600,000. Kisha akaanza kutoa vipande. Juni 100,000, Julai 50,000, Agosti 80,000, Septemba 50,000, Oktoba 70,000, jumla 350,000. Kuanzia Novemba 2023 kimya.

Miezi 17 hadi Juni 2024 mara 150,000 ni Sh2,550,000. Alilipa Sh950,000. Deni ni Sh1,600,000.

Yeye alidai deni ni dogo zaidi. Alisema alipeleka gunia la mahindi wakati wa mavuno, akanunua sare na viatu, na mara mbili alimpa mdogo wake mama hela taslimu. Mahindi na sare mama hakukana kuvipokea. Lakini amri ilitaja fedha, na hakuna popote walipokubaliana vihesabiwe kuwa matunzo, hivyo havikuondoa kitu. Hela taslimu haikuwa na shahidi wala meseji. Mama kwa upande wake alikwenda duka la mtandao wake wa simu, akachukua taarifa ya miamala ya miezi yote 17 yenye mhuri, akaweka alama kila mahali jina la baba lilipotokea. Karatasi hiyo ilimaliza ubishi kwa dakika chache. Ikumbukwe kwamba taarifa hiyo inamlinda pia mlipaji: mzazi anayelipa kwa mkono, tena kupitia shangazi au jirani, anajinyima ushahidi wake mwenyewe.

Baba aliongeza hoja iliyozoeleka: "Sijakataa kulea, ila nazuiwa kuwaona watoto." Kuwaona watoto ni haki inayoombewa amri yake. Mzazi aliyezuiwa anaiomba mahakamani, na mahakama humsikiliza kwa uzito. Hapewi ruhusa ya kufunga mfuko hadi afunguliwe mlango. Na upande wa pili ni hivyohivyo: mama hana ruhusa ya kuwaficha watoto kwa sababu ya deni. Hakimu alisema hivyo kwa wote wawili.

Kwa nini polisi hawakuleta hela

Desemba 2023 mama alikwenda Dawati la Jinsia na Watoto. Si kosa kwenda pale. Shida ni alichotarajia: alidhani baba akikamatwa atalipa ili atoke. Baba aliitwa, akahojiwa, akapata dhamana, akaahidi mbele ya askari kwamba mwisho wa mwezi atamaliza. Mwisho wa mwezi akazima simu, akachukua likizo, akaenda kwa ndugu zake Manyoni. Wiki nyingi zikapotea hapo.

Jalada lilipofika kwa waendesha mashtaka likarudishwa. Sababu zake zinafaa kusomwa taratibu, maana ndizo zinazoangusha kesi nyingi za aina hii.

Shtaka la kwanza lililofikiriwa lilikuwa kifungu cha 167 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachohusu mzazi anayekataa au kupuuza kumpa mtoto mdogo chakula, nguo, malazi na mahitaji mengine. Kifungu hicho kina masharti mawili yanayosahaulika. Mzazi lazima awe na uwezo wa kutoa, na kutotoa kwake kuwe kumedhuru afya ya mtoto. Kadi ya kliniki ya mtoto wa miaka 4 ilionyesha uzito unapanda vizuri mwezi hadi mwezi. Mama alikuwa amekopa, ameuza kabati, amelala njaa yeye ili watoto wale. Kwa juhudi zake mwenyewe alikuwa ameondoa nguzo ya shtaka. Ni jambo linalokera, lakini ndivyo kifungu kilivyoandikwa.

Njia ya pili ilikuwa ndani ya Sheria ya Mtoto yenyewe. Kifungu cha 8 kinaweka wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, makazi, mavazi, matibabu, elimu na mengineyo. Kifungu cha 14 kinasema anayekiuka masharti ya sehemu hiyo ya sheria anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5,000,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hapa hakuna sharti la afya kudhurika. Lakini jalada halikuwa na chochote kuhusu uwezo wa baba: hakuna mkataba wa kazi, hakuna taarifa ya mshahara, na za pikipiki zilikuwa "nasikia anazo". Kwenye jinai upande wa mashtaka unathibitisha pasipo kuacha shaka. Mtu anayesema "nilikuwa sina" halazimiki kuthibitisha kwamba hakuwa nacho.

Ya tatu ni kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu, kutotii amri halali, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha miaka miwili. Hapa ndipo ile amri isiyo na tarehe ilipoleta hasara. Wakili wa baba angeuliza swali moja tu: mteja wangu alitakiwa kulipa siku gani, na kwa njia ipi? Waendesha mashtaka hawakutaka kumpa nafasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi kaunta. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mama ni shahidi tu. Hawezi kuiendesha, wala kuifuta siku akilipwa. Baba akitozwa faini, faini inaingia serikalini, haiendi kwa mtoto. Mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru fidia kwa aliyeumizwa, lakini ni vyema mtu aombe na aeleze kiasi. Na baba akifungwa miezi sita, opereta anapoteza kazi na deni linaendelea kuhesabu Sh150,000 kila mwezi akiwa ndani.

Kukazia hukumu

Julai 2024, kwa msaada wa msaidizi wa kisheria wa kata, mama aliwasilisha maombi ya kukazia hukumu kwenye mahakama ileile iliyotoa amri. Msaada huo ni wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tofauti kati ya njia hii na ile ya polisi ni rahisi kueleza ingawa watu huichanganya. Kesi ya jinai inauliza kama mtu ana hatia. Maombi ya kukazia hukumu hayaulizi tena kama anawajibika, kwa sababu hilo limeshaamuliwa. Yanauliza hela iko wapi na itachukuliwaje.

Fomu ya maombi ilijazwa namba ya shauri, tarehe ya amri, kiasi kilicholipwa, kiasi kinachodaiwa, na njia anayoiomba mshinda tuzo, yaani aliyepewa amri ya kulipwa, hapa mama. Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu huandika kwa hasira. Wengi huweka "akamatwe" kwa sababu ndilo neno linalokuja kwanza. Msaidizi wa kisheria alimshauri mama aandike kwa mpangilio: kwanza makato kwenye mshahara, ikishindikana, kukamatwa na kuuzwa kwa pikipiki, na mwisho kabisa, kifungo cha madai, yaani mdaiwa kuwekwa gerezani kwa kutolipa deni.

Wito wa kwanza ulirudi haujapokelewa. Ulipelekwa Nkuhungu kwenye chumba alichohama zamani. Wa pili ulipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa wa Nzuguni anakoishi sasa, naye akasema hamfahamu. Wa tatu ulipelekwa kazini saa moja asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, na mpeleka wito akaandika kiapo kwamba alimkabidhi mkononi. Kwa wafanyakazi wa ujenzi hapo ndipo pa kuwapata. Nyumba wanahama, kazi hawaikosi. Iwapo hata hapo hapatikani, mahakama inaweza kuruhusu wito mbadala, kama kubandika au kutangaza gazetini, lakini lazima kwanza ionyeshwe kwa kiapo kwamba njia za kawaida zimejaribiwa.

Agosti alifika. Deni wakati huo, ukiongeza Julai na Agosti, lilikuwa Sh1,900,000. Alijaribu kumkana mtoto mdogo. Hoja haikufika mbali: jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, alisimama kama baba kwenye kikao cha wazee wa pande mbili ambacho muhtasari wake ulisainiwa, na hakuna popote katika shauri la awali alipobisha. Anayetaka kupinga uzazi anafanya hivyo mwanzoni, na kipimo cha vinasaba kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya chombo chenye mamlaka, kama mahakama au ustawi wa jamii. Mtu binafsi hawezi kubeba mate kwenye chupa akaenda kuyapima. Kulitoa suala hilo siku ya kudaiwa hela humfanya hakimu akutazame vingine.

Baada ya hapo akakubali deni. Makubaliano yakaandikwa kuwa amri, safari hii kwa ukamilifu: mwajiri akate Sh150,000 za mwezi na Sh100,000 za deni, jumla Sh250,000, aziweke kwenye akaunti ya mama kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kuanzia mshahara wa Septemba. Kwa Sh729,500 za mkononi, hiyo ni kama asilimia 34. Ni nzito, lakini inabebeka. Mama alikuwa anataka Sh400,000. Lau ingeamriwa hivyo, opereta angeacha kazi ndani ya mwezi na kwenda kufanya vibarua vya kulipwa mkononi, ambavyo hakuna anayeweza kuvikata.

Mwajiri mwanzoni alisita, akisema sheria za kazi zinamkataza kugusa mshahara. Kinyume chake, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaruhusu makato yanayotokana na amri ya mahakama. Nakala ya amri yenye mhuri, barua fupi ya mahakama na namba ya akaunti vilitosha. Mambo yaliyochelewesha yalikuwa madogo mno: jina la baba kwenye amri lilikuwa na herufi moja tofauti na la kwenye orodha ya mishahara, na namba ya kitambulisho cha Taifa haikuwekwa. Viandikwe tangu mwanzo.

Makato yakaenda miezi minne bila kukosa, Septemba hadi Desemba 2024. Deni likashuka hadi Sh1,500,000.

Mkataba ulipokwisha

Tarehe 31 Desemba mkataba wake haukuhuishwa. Amri ya makato inakufa pale ajira inapokufa, na hakuna anayewajibika kumjulisha mama isipokuwa amri yenyewe imwagize mwajiri afanye hivyo. Haikuagiza. Mama alijua alipoona akaunti tupu mwanzoni mwa Februari.

Alirudi mahakamani akaomba hatua ya pili, pikipiki. Alikuwa na namba za usajili za zote mbili, jambo ambalo ni nusu ya kazi. Msaidizi wa kisheria alifuatilia umiliki kabla ya kumwita dalali wa mahakama. Vizuri alifanya hivyo, maana ya kwanza ilikuwa bado inalipiwa mkopo na kadi iko kwa jina la mkopeshaji. Kukamata mali ya mtu mwingine huleta pingamizi la mtu wa tatu, mwezi au miwili inapotea, na gharama zinaweza kumrudia mama mwenyewe. Ya pili ilikuwa kwa jina la baba.

Baba akatoa utetezi wenye akili. Alisema Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza kukamata vifaa vya kazi vya mdaiwa. Ni kweli kifungu cha 48 kina orodha ya vitu visivyoguswa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Lakini yeye ni opereta wa mitambo. Pikipiki inaendeshwa na kijana kwa hesabu ya siku. Ni mradi, si zana. Angekuwa anaiendesha mwenyewe na ndiyo riziki yake pekee, hoja ingekuwa na nguvu, na pengine mama angekosa yote.

Siku chache baadaye kaka yake baba alileta hati ya mauziano ikionyesha aliinunua pikipiki hiyo. Tarehe ya kwenye hati ilikuwa ya nyuma, lakini mhuri wa aliyeshuhudia ulikuwa wa wiki moja baada ya baba kupokea notisi ya mahakama. Kadi haikuwa imebadilishwa jina, na kijana anayeendesha alikiri kwamba bado analeta hesabu kwa baba. Pingamizi likatupwa.

Pikipiki iliuzwa kwa mnada Machi 2025 kwa Sh1,500,000. Gharama za dalali, ulinzi na tangazo zilikula Sh250,000. Deni lilikuwa limepanda hadi Sh1,950,000 kwa kuongeza miezi mitatu. Baada ya mnada likabaki Sh700,000.

Kifungo cha madai, na kwa nini mama aliacha

Hasira za mama zilikuwa bado juu, akauliza kuhusu hatua ya tatu. Kifungo cha madai kipo. Mdaiwa huitwa kwanza aonyeshe sababu kwa nini asipelekwe gerezani, na mahakama huangalia kama kweli hana kitu au anacho na anakificha, amehamisha mali, au amekuwa na uwezo tangu amri itolewe akapuuza. Fukara wa kweli hafungwi. Kwa hati ile ya mauziano, baba huyu angeweza kufungwa.

Lakini posho ya chakula cha mfungwa wa madai hulipwa na mshinda tuzo. Mama angemlisha gerezani kwa hela ya kibanda chake, na siku akishindwa kulipa, mfungwa anatoka. Akitoka, deni linabaki, ila hawezi kukamatwa na kufungwa tena kwa tuzo hiyohiyo. Ni silaha ya risasi moja, na nguvu yake yote iko kabla haijafyatuliwa. Mama akaiacha kwenye maombi bila kuisukuma.

Jalada la jinai linarudi

Ile hati ya mauziano iligeuza upepo upande mwingine. Waendesha mashtaka sasa walikuwa na walichokikosa mwanzo: orodha ya mishahara ya miezi minne, ushahidi wa hesabu za bodaboda, makubaliano ambamo baba alikiri deni, na jaribio la kuficha mali. Uwezo ulikuwa umethibitishwa kwenye shauri la madai. Aprili 2025 baba alifikishwa mahakamani kwa kosa la kifungu cha 8 na cha 14 vya Sheria ya Mtoto, kwa kipindi cha Novemba 2023 hadi Agosti 2024, wakati alipokuwa na mshahara na hakutoa kitu. Kipindi hicho kilichaguliwa kwa makusudi. Miezi ya 2025 ambayo hakuwa na kazi haikuwekwa kwenye hati ya mashtaka, kwa sababu ingempa mlango wa kutokea.

Wakili wake alimpa ushauri mzuri, nao unamfaa mzazi yeyote aliye katika hali hiyo: usikimbie, lipa chochote unachoweza kabla ya tarehe ya kesi na utunze risiti, na kama kipato kimeshuka, omba amri ibadilishwe. Kupunguza matunzo kienyeji ni kosa. Kuomba yapunguzwe ni haki. Baba alishapata kazi nyingine, kuendesha kijiko cha kukodi kwenye machimbo ya kokoto kwa malipo madogo zaidi. Mahakama ya Watoto ilipunguza amri hadi Sh120,000 kuanzia Mei 2025 kwenda mbele. Sh700,000 za nyuma pamoja na Aprili yenye kiwango cha zamani hazikuguswa. Aprili aliilipa yote siku moja kabla ya kusimama kizimbani.

Alikiri kosa. Mwendesha mashtaka hakuomba kifungo. Aliomba masharti yanayolingana na ratiba ya deni: Sh60,000 kwa mwezi juu ya matunzo ya kawaida humaliza 700,000 kwa miezi 12, mwezi wa mwisho ukiwa Sh40,000. Hakimu alimwachia kwa masharti ya kutotenda kosa kwa miezi 12, muda wa juu kabisa unaoruhusiwa na kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Kuacha kutoa matunzo ilhali anacho ni kutenda kosa lilelile tena, na akifanya hivyo anarudishwa kuhukumiwa kwa lile la kwanza pia.

Malipo ya sasa ni Sh180,000 kabla ya tarehe 5, kwa namba moja ya simu iliyoandikwa ndani ya amri. Kwa kuwa mwenye kijiko si mwajiri wa kudumu, hakuna makato. Mama huchukua taarifa ya miamala kila baada ya miezi mitatu na kupeleka nakala kwa Afisa Ustawi wa kata. Amri mpya inamtaka baba atoe taarifa mahakamani ndani ya siku 14 akibadili kazi au makazi, na mtoto mkubwa akifika miaka 18 akiwa bado shuleni, mama anaweza kuomba muda uongezwe kabla amri haijaisha.